Pua Ndefu ya Loreng

Mwezi jana niliweka spana chini. Mafundi wenzangu wa gereji hapa Lodwar waliniletea keki, wakanifunga shuka mpya begani, wakaanza kupiga makofi: "Hotuba! Hotuba!" Mimi hotuba sijui. Nikisimama mbele ya watu naanza kukasirikia mtu ambaye hata hayuko. Kwa hivyo nilikula keki, nikashukuru, nikaenda zangu nyumbani Kanamkemer.

Lakini Lomuria, ambaye sasa ndiye anashika kazi ya pampu na nozo, alikuwa ameniuliza swali asubuhi hiyo: "Fundi, hii injini ya lori ya kitambo, naiongeza nguvu aje? Kila dereva anakuja hapa anasema fungua pampu." Nilimfokea, kama kawaida yangu. Baadaye nikaona nimemfokea bure, swali ni zuri. Shida ni kwamba jibu lake ni refu na lina watu ndani. Basi naandika. Mambo ya vyeo na mshahara msitafute hapa. Cheo nilipewa kimoja, na mshahara ulikuwa unaisha kabla sijafika nyumbani.

Mimi sikufundishwa na mtu. Shule niliacha mapema, mwalimu na mimi hatukuwa tunasikizana. Shangazi yangu alikuwa na posho mill hapo Kanamkemer, na ile injini yake ilikuwa inakufa kila wiki. Fundi alikuwa anatoka mbali na maringo mengi. Siku moja shangazi ameenda matanga, nikaifungua yote, nikapanga vyuma kwa gunia vile vilitoka, nikaosha na dizeli, nikarudisha. Ilibaki nati moja. Mpaka leo sijui ilikuwa ya wapi. Injini iliwaka, ikasaga miaka mingi, na ile nati bado ninayo kwa kopo.

Hapo posho mill ndipo mzee Ekiru alinipata. Ilikuwa miaka ya tisini, kambi ya Kakuma ilikuwa changa bado na watu wanaingia kila siku, kutoka Sudan wengi, na chakula chao kinapita hapa Lodwar kwa lori. Ekiru alikuwa dereva wa lori moja nyekundu ya kitambo sana, injini ya silinda sita, ya kutoka Uingereza, imezeeka hata plastiki ya taa imekuwa ya manjano kama jino la mvuta tumbako. Alikuwa anaita lori yake Loreng, yaani mwekundu, vile mtu anaita dume lake la ng'ombe. Na alikuwa anaiimbia. Usicheke. Kwetu mwanaume anaimbia ng'ombe wake. Ekiru ng'ombe zake zilienda na kiangazi, akabaki na lori.

Alikuja kusagisha mahindi, akaacha injini inanguruma nje. Mimi nikatoka mbio.

"Zima hiyo kitu! Zima! Unaiua!"

Akanitazama polepole. "Ejok," akasema. Salamu kwanza.

"Ejok nini! Hiyo injini haina pumzi. Skiza. Skiza vile inavuta, kama mtu amewekewa mto kwa uso."

"Na wewe ni nani?"

"Mimi ni Ewoi wa posho mill."

"Sawa, Ewoi wa posho mill. Nimepeleka hii lori kwa mafundi Kitale mara nyingi, wote wanasema imezeeka. Wewe peke yako ndiye umesema haina pumzi." Akatema tumbako kando. "Kesho tunaenda Kakuma. Beba vyombo vyako."

Vyombo vyangu vilikuwa nyundo, spana chache za ringi, bisibisi ndefu ya kuskizia injini, na pakiti ya nyembe. Nyembe, ndiyo. Fila geji ya kupimia taipeti, yaani ule mwanya wa valvu, nilikuwa siwezi kupata, na wembe wa kunyolea wote unatoka unene mmoja kiwandani. Unashikanisha nne, unapitisha kati ya roka na valvu, zikipita kwa kubana kidogo uko sawa. Mmenicheka sana juu ya hizo nyembe. Lakini nawajua wengine wenu mmeweka pakiti kwa toolbox.

Sasa mjue vile kazi ilikuwa. Lori za Kakuma zilikuwa haziendi peke yake. Njia ilikuwa na wezi wenye bunduki, kwa hivyo tulikuwa tunakusanyika Lodwar, polisi wanakuja na gari yao moja, wanatangulia, na sisi tunafuata kwa mstari. Mkubwa wa msafara alikuwa dereva anaitwa Njoroge, mwanaume mnene wa sauti ndogo. Alikuwa na sheria mbili. Ya kwanza, lori za kasi mbele, za polepole nyuma. Ya pili, msafara hausimamishwi na mtu yeyote isipokuwa Njoroge. Kulikuwa na sababu. Kabla nianze kazi, msafara ulisimama kungoja mtu abadilishe tairi, wakapigwa risasi, na aliyekufa alikuwa rafiki yake Njoroge. Njoroge nilimchukia sana, lakini hiyo sababu yake sikuwahi kuicheka.

Loreng ilikuwa ya mwisho kabisa. Siku zote. Madereva walikuwa na maneno.

"Ekiru, hiyo ni lori ama ni mkokoteni?" Huyo alikuwa Wafula, mwenye lori iliyokuwa inatutangulia. Mdomo wake ulikuwa mkubwa kuliko rejeta.

"Ni mkokoteni," Ekiru anajibu. "Wewe ndiye punda, ndiyo maana uko mbele yangu."

Watu wanacheka. Mimi sicheki, mimi natafuta jiwe.

Safari yangu ya kwanza tuliachwa. Vumbi ya wenzetu ilipotea mbele, tukabaki sisi wawili na jua na ile milima ya mawe meusi, moshi mweusi unatoka nyuma kama tunachoma tairi. Ekiru aliimba tu pole pole, mikono kwa usukani, na nikaona shingo yake imeloa jasho ambayo si ya joto. Tulifika Kakuma wenzetu wamemaliza kushusha.

Njoroge alikuwa anatungoja. Hakupiga kelele, angepiga ningefurahi.

"Mzee, nimeongea na tajiri mwenye hizi lori," akasema. "Lori ikiachwa tena, inatoka kwa msafara. Na ikitoka anaiuza vyuma. Ameshapata mtu."

"Na dereva?" mimi nikauliza.

"Tajiri hana lori ingine ya kumpa."

Ekiru aliitikia kwa kichwa, akaenda kukaa kwa kivuli cha tairi. Alikuwa na umri ambao hakuna mtu angempa lori ingine. Alijua, na mimi nilijua.

Njoroge akanigeukia. "Kijana, wewe si unasema ni fundi? Fungua pampu. Wafula alifunguliwa yake juzi Kitale, sasa anaruka kama swara."

Hapa ndipo nataka mskize. Kufungua pampu ni kukata ule muhuri wa pampu ya dizeli na kukaza skrubu ili imwage mafuta mengi zaidi kwa silinda. Dereva anapenda sana, kwa sababu siku ya kwanza anasikia lori imekuwa kijana. Lakini moshi mweusi maana yake ni nini? Ni dizeli ambayo haikuungua, imekosa hewa. Sasa kama injini tayari inatoa moshi mweusi na wewe unaongeza dizeli, ni kama mtu ananyongwa na wewe unamsukumia ugali. Hiyo dizeli ya ziada inaongeza joto. Nimetoa pistoni kwa injini kama hiyo, juu imeyeyuka kama mshumaa. Nguvu inatoka kwa moto, na moto unataka hewa kwanza. Mafuta ni ya mwisho.

"Sifungui," nikamwambia Njoroge.

"Basi fanya yako. Safari ijayo nitaangalia saa, sitaangalia sura yako."

Tulikuwa na siku chache hapo Kakuma kabla ya kurudi. Nikaanza na kile kitu rahisi. Injini mzee usiiongeze nguvu kabla hujairudishia ile iliibiwa. Nikaweka taipeti na nyembe, zingine zilikuwa zimebana hata valvu haifungi vizuri. Nikatoa nozo zote, nikazikaza nje kwa mabomba yake na kumwambia Ekiru apige stata. Nozo nzuri inatoa ukungu. Mbili zilikuwa zinakojoa tu. Na mkono usiweke hapo, Lomuria, ile dizeli inapita ngozi kama sindano. Nikazisafisha, moja ikakataa, nikapata ingine kwa lori iliyokufa. Rejeta ilikuwa imejaa vumbi na mbegu za nyasi, nikaiosha na maji kutoka upande wa feni kwenda mbele, ile uchafu itoke vile iliingia. Egzosi, ile bomba ya moshi, mtu alikuwa ameichomelea kiraka kwa ndani, njia imekuwa ndogo kama koo ya kuku. Nikakata hiyo sehemu yote. Injini inavuta pumzi, lakini pia lazima itoe.

Halafu nikafika kwa mdomo wa hewa, nikakaa chini nikacheka kwa uchungu.

Ulikuwa umefungwa gunia. Gunia la chakula cha msaada, limelowekwa oili, limezungushwa mara kadhaa na kufungwa na waya. Si Loreng tu, lori zote za Kakuma zilikuwa hivyo. Kila dereva alikuwa anajua vumbi inaua injini, na ni ukweli, kwa hivyo kila mtu alikuwa anafunga gunia, na vumbi ikizidi anaongeza lingine. Vumbi na oili zinashikana, zinakuwa kama udongo wa ukuta. Hakuna kitu kinapita. Na huo mdomo wenyewe ulikuwa chini ya boneti, karibu na injini, kwa hivyo hata hewa kidogo iliyokuwa inaingia ilikuwa imechemka. Hewa ya moto ni nyepesi, haina kitu ndani.

"Apa," nikamwambia Ekiru, nilikuwa namwita hivyo, yaani baba, "umemfunga mdomo dume wako."

Alikuja akaangalia. Akashika lile gunia, akalifinya, mchanga mweusi ukatoka.

"Nilikuwa namlinda," akasema.

"Najua, Apa."

Kambini kulikuwa na mtu wa welding anaitwa Malual, mrefu mpaka alikuwa anainama kuongea na wewe, Mkristo wa kanisa sana, anaimba nyimbo za kanisa kwa Kidinka akichomelea. Alitoka Sudan kwa miguu, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuchanganya na Kiarabu cha Juba. Nilimwambia nataka bomba kutoka kwa mdomo wa hewa, ipite kando ya mlango, ipande mpaka juu ya kabini.

"Ya moshi?"

"Ya pumzi."

"Lori iko na pua kama ndovu," akasema, akacheka mpaka akaweka ile miwani yake nyeusi chini. "Hii kazi mimi napenda sana."

Alipata bomba ya kisima iliyotupwa, pana ya kutosha. Kule juu tulifunga mkebe wa mafuta ya kupika, ule wa msaada, tukaukata matundu ya kuinama pande zote ili hewa iingie ikizunguka. Ikizunguka, mchanga mzito unatupwa kando na kuanguka, hewa inashuka peke yake. Chini ikaingia kwa eya klina ya zamani ya lori, kile chujio cha hewa chenye bakuli la oili, nikaweka oili mpya. Pale kabini inatingishika tuliunganisha na mpira wa rejeta na klipu mbili. Hapo msifanye haraka. Mpira ukipasuka hapo, kazi yote ya juu ni bure, injini inakunywa mchanga na wewe huoni.

Siku ya kurudi tulikuwa bila mzigo na Loreng ikaruka. Moshi ukawa wa kijivu, mwepesi. Ekiru akabadilisha gia ya juu mahali alikuwa hajawahi, akanitazama kama ameona mzimu. Lodwar nikaongeza dizeli kwa pampu kidogo sana, nikingoja moshi uanze tu kuwa mweusi kwa kupanda, halafu nikarudisha nyuma kidogo, nikafunga. Hiyo ndiyo kipimo yenu. Macho kwa moshi.

Nilijua tumeshinda. Nikaenda kumchokoza Njoroge, nikaimba. Halafu tukabeba mzigo kwenda Kakuma, na nusu ya kwanza ya njia tulikuwa tunapumulia Wafula kwa shingo. Halafu ikaanza. Nguvu inashuka. Inashuka tena. Tulifika Kakuma mkiani, bado tunaonana na wenzetu, lakini kwa shida. Nikafungua bakuli la oili. Lilikuwa limejaa matope, unaweza kupanda mahindi.

Nilitupa spana nikapiga mlango wa Loreng, hilo bonyeo lilikaa mpaka mwisho wake. Malual akaja akaokota spana, akafuta, akanirudishia.

"Ewoi, kwa nini wewe uko na vumbi mingi kuliko hao wengine?"

"Kwa sababu niko nyuma! Lori zote ziko mbele yangu, vumbi yote nakula mimi!"

"Na kwa nini uko nyuma?"

"Kwa sababu hatuna..." Nikaangalia tena lile bakuli la matope.

Mnaona? Lori ya polepole inawekwa nyuma. Nyuma kuna vumbi ya kila mtu. Vumbi inaziba hewa, lori inakuwa polepole zaidi. Ile sheria ya Njoroge ilikuwa inatengeneza lori mbovu. Ungechukua lori mpya kutoka kiwandani ukaiweka pale mkiani, mwaka haungeisha ikawa Loreng.

Nikaenda kwa Njoroge mbio, alikuwa anakunywa chai. "Tuweke mbele!"

"Msafara si harusi, kijana, ati kila mtu akae mbele."

"Wewe ndiye unatuua na vumbi yako! Hewa yako yote..."

"Ewoi." Ekiru alikuwa amekuja nyuma yangu. Akaniwekea mkono begani, na ule mkono ulikuwa mzito. Akamwambia Njoroge vizuri, kwa heshima, vile mimi sijui kuongea: "Mkubwa, nipe mbele safari moja. Nikichelewesha msafara, hata kidogo, mimi mwenyewe nitampelekea tajiri funguo."

Njoroge alizungusha chai yake. Alikuwa mtu wa haki, hilo nakubali leo. "Safari moja. Nyuma ya gari ya polisi. Ukisimama, mzee, imeisha. Sitaki maelezo."

Sasa mkiani akabaki Wafula.

Asubuhi hiyo Lodwar nilikuwa siwezi hata kunywa chai. Loreng ilikuwa imebeba mahindi mpaka juu, pua yake imesimama kando ya kabini, madereva wanapita wanaigonga na vidole wakiuliza kama tunapika uji. Tukaondoka. Mbele yetu gari ya polisi na hewa safi. Mimi sijawahi kusikia injini ikifurahi, lakini siku hiyo nilisikia. Ilivuta. Penye mchanga wa laga, yaani mto mkavu, mahali Ekiru alikuwa anashuka mpaka gia ya kwanza na kuomba Mungu, alikaa kwa ya tatu na kuimba. Huo wimbo ulikuwa na jina la Loreng, na rangi yake, na mara moja nikasikia jina langu. Nilitazama nje ya dirisha, kwa sababu vumbi iliniingia kwa macho. Vumbi yenyewe haikuwepo.

Kuna mahali njia inapanda kilima halafu inapinda, unaweza kuangalia nyuma ukaona msafara wote, kila lori na vumbi yake. Ekiru akaangalia kioo. Wimbo ukakatika.

"Mtu mmoja hayuko," akasema.

Nikatoa kichwa nje. Mstari ulikuwa mfupi. Nyuma kabisa kulikuwa na nafasi, halafu hakuna kitu, nchi tu.

"Ni Wafula," nikasema. "Atakuja."

"Gunia," akasema Ekiru. "Na pampu imefunguliwa."

"Apa, usisimame."

Aliendelea kidogo. Nilikuwa naona mguu wake unaacha pedali ya mafuta.

"Apa, nakuomba. Wafula! Wafula wa mkokoteni! Anakucheka kila siku! Njoroge yuko nyuma yetu tu, amwone yeye, asimamishe yeye!"

"Njoroge haangalii nyuma," akasema. "Tangu ile siku ya rafiki yake, haangalii nyuma."

Akapiga honi ndefu kwa polisi, akawasha taa, akasimamisha Loreng katikati ya njia. Msafara wote ukasimama nyuma yetu.

Njoroge alikuja akitembea, mtu mnene vile, kwa jua. Uso wake ulikuwa wa majivu, na wakati huo nilifikiri ni hasira. "Mzee. Umesimama."

"Nimesimama. Wafula hayuko."

"Nilikwambia nini?"

"Uliniambia. Funguo ni zako tukifika. Lakini saa hii bado ninazo, na nageuza."

Mimi nikaruka chini, nikasimama mbele ya Njoroge, nikamwambia maneno ambayo mama yangu angeyasikia angeniosha mdomo na sabuni. Njoroge alikuwa anaangalia nyuma, kule njia ilikuwa tupu. Halafu akaita polisi, akawaambia waende na Loreng, na wengine wote wakae na injini zinanguruma.

Tulimpata Wafula kwa laga, matairi yamezama, boneti wazi, amekaa chini ya lori na jembe kifuani kama mtoto amekumbatia mdoli. Alipotuona hakuwa na mzaha hata mmoja. Akashika mkono wa Ekiru kwa mikono miwili, akashindwa kuuachilia.

"Mkokoteni umefika," Ekiru akamwambia. "Punda, simama."

Nilitoa gunia la Wafula, lilikuwa tofali. Nilipiga eya klina kwa tairi mpaka ikaacha kumwaga mchanga. Injini yake ikawaka, lakini imechoka, silinda moja imekufa kabisa. Tukaweka nyororo. Ekiru akatia gia ya kwanza, akaachilia klachi taratibu, na Loreng ikajikaza. Moshi ukatoka mweusi kidogo, halafu ukasafika. Nilikuwa nimesimama kando, nikiangalia ule moshi na si magurudumu, nikiongea na injini kama mwendawazimu: vuta, dume, vuta. Lori mbili zimejaa mahindi, mchanga umefika nusu ya rimu. Ikavuta. Ilitoka kwa laga ikipanda ule ukingo polepole kama mzee anatoka kanisani, na Wafula nyuma yake.

Kakuma tulifika sisi wote. Watu waliokuwa wanangoja chakula walikuwa wamepanga mstari tangu asubuhi, na hakuna aliyejua kitu. Tulienda moja kwa moja kwa chumba cha redio, kwa sababu tajiri alikuwa anaita kutoka Kitale kila msafara ukifika. Ekiru aliweka funguo juu ya meza mbele ya Njoroge. Hakuna mtu alimwambia aziweke. Mimi nilikuwa mlangoni, nimeshika spana, na sijui nilikuwa nataka kufanya nini nayo.

Sauti ya tajiri ikakwaruza: "Mmechelewa. Ni ile nyekundu? Over."

Njoroge akashika maiki. Akaangalia zile funguo. Kulikuwa na ukucha wa simba umefungwa hapo na kamba ya ngozi, umekaa mpaka umekuwa laini.

"Msafara ulisimama," akasema na ile sauti yake ndogo. "Mimi ndiye husimamisha msafara. Hakuna mtu mwingine. Over."

"Na ile nyekundu? Mtu wa vyuma ananiuliza. Over."

"Mwambie atafute vyuma kwingine. Hiyo ndiyo imevuta lori yako ingine na mzigo wako. Over."

Akazima. Akasukuma funguo kwa meza zikarudi kwa Ekiru. Wala hakumtazama. Akaniambia mimi, "Kijana, toa hayo magunia kwa lori zangu zote. Na huyo Msudani wa bomba, mwambie nataka pua kama hiyo kwa kila moja."

Ndivyo nilipata kazi. Malual na mimi tulichomelea mpaka bomba za visima zikaisha Kakuma nzima.

Safari iliyofuata, Lodwar, lori zinapanga mstari. Lori ya Wafula, silinda ile bado haijapona, Njoroge aliiweka mbele kabisa, nyuma ya polisi. Nikaona haki. Halafu nikamwona Ekiru anazungusha usukani, anaitoa Loreng kwa mstari, anaipeleka nyuma. Nyuma. Mpaka mkiani.

"Apa, unaenda wapi? Nani amekuambia?"

"Mimi."

"Nimetengeneza hii lori mikono ikatoka damu! Saa hii inashinda nusu ya hizi! Sasa unaenda kula vumbi?"

Alizima injini ili nimsikie vizuri, kitu alikuwa hafanyi kamwe asubuhi.

"Mifugo ikihama kiangazi, mwenye nguvu anatembea wapi?"

Nilikuwa najua jibu, baba yangu alichunga. Anatembea nyuma, na zile zinaanguka.

"Na wewe Ewoi," akasema, akinyoosha kidole kwa lile bomba na ule mkebe wetu wa mafuta kule juu, "hii pua yote ndefu uliitengeneza ya nini? Ya kunusia mbele, mahali hakuna vumbi?"

Nikafungua boneti, nikaweka oili mpya kwa bakuli, lisijae matope kabla ya Kakuma kama ile siku. Nikapanda kabini, nikapandisha kioo. Lori zikaanza kutoka, moja moja, Wafula akatupigia honi akipita, na vumbi ikaja ikafunika kila kitu, hata sikuona boneti yetu. Kando ya sikio langu, nje ya mlango, nilisikia Loreng inavuta pumzi kutoka juu, taratibu, ndani ya lile bomba. Tukangoja wote wapite. Halafu mzee akatia gia.